Mpira wa Julai Uliochezwa Desemba

Kila mwaka, asubuhi ya Sabasaba, nahodha wa timu iliyofungwa mwaka uliotangulia alikwenda mtaa wa Mshangano, Songea, nyumbani kwa Sipriani Mbawala, kuchukua mpira wa fainali. Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, hata kama alitoka Ruhuwiko, akabisha hodi, akaamkia, akakaa kwenye kigoda na kunywa togwa aliyoletewa na Walburga, mke wa Sipriani. Togwa ikiisha, Sipriani alitoka chumbani na mpira ukiwa umefungwa kwenye kipande cha kaniki. Nahodha aliushika kwa mikono miwili, akaubonyeza kwa vidole gumba, kisha akasema neno moja: “Umeiva.” Bila neno hilo mpira haukutoka ndani ya nyumba.

Desturi hiyo ilianza kwa mzaha mwaka 1974, katika fainali ya kwanza ya Kombe la Mavuno. Nahodha wa Ruhuwiko wa wakati huo, mkulima wa mahindi, aliubonyeza mpira kama watu wanavyobonyeza papai sokoni. Watu walicheka. Mwaka uliofuata mwenzake alirudia, hakuna aliyecheka, na kuanzia hapo ikawa hivyo kwa miaka ishirini na tatu.

Sipriani alizaliwa mwaka 1946. Alipofika umri wa miaka kumi na minane aliingia karakana ya ngozi ya misheni, akawekwa chini ya Bruda mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na maneno machache ya Kiswahili na ukucha mrefu wa kidole cha shahada. Kijana akimaliza kazi, Bruda alipitisha ukucha ule juu ya mshono. Ukikwama popote, kazi yote ilifumuliwa. Sipriani alifumua kwa miezi saba. Mwezi wa nane ukucha ulipita moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na Bruda akampa sindano mbili ziwe zake.

Kwa sindano hizo alishona mikoba, viatu, hatamu za ng’ombe wa kulimia. Mpira wa kwanza aliushona mwaka 1971, baada ya kufumua wa zamani wa shule na kuhesabu vipande vyake: kumi na vinane. Alibana vipande viwili kwa kibanio cha mbao katikati ya magoti, akatoboa kwa msumari, akapitisha uzi wa katani uliopakwa nta, sindano moja ikitoka kulia na nyingine kushoto katika tundu lile lile. Kabla ya kufunga mshono wa mwisho aliandika kwa penseli upande wa ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeona, msalaba mdogo na mwaka. Kisha aliingiza bladda, ule mpira wa ndani unaoshika upepo, akafunga mdomo kwa kamba ya ngozi, akaujaza kwa pampu ya baiskeli. Mwisho aliupaka shahamu ya ng’ombe kwa kitambaa cha moto, mara tatu, siku tatu.

Miaka mibaya ya nchi ilikuwa miaka mizuri kwake. Wakati sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana, mipira ya dukani haikuwepo Songea kwa namna yoyote. Walimu walikuja hata kutoka Namtumbo, barua za shule mkononi. Ngozi ilitoka kiwandani kupitia duka la ushirika, mgao wake ukiwa mdogo lakini wa uhakika. Alishona mipira arobaini kwa mwaka. Watu wakamwita Fundi, na mtaa mzima ukajua fundi gani anatajwa, ingawa mafundi walikuwepo wengi.

Biashara ilipofunguliwa alifurahi kama mtu mwingine yeyote. Siku moja Walburga alirudi nyumbani na sabuni miche miwili, akaiweka mezani, akaitazama.

“Nimeingia tu dukani,” alisema. “Sikuulizwa mimi ni mtoto wa nani.”

Mabadiliko yalifika kwake kwa vipande vipande, hata hakuyaona kuwa ni kitu kimoja. Kiwanda kilichokuwa kinatengeneza ngozi kilifungwa, na malori yakaanza kupita machinjioni kununua ngozi mbichi zenye chumvi, zikaenda bandarini na kupandishwa meli. Mipira ya plastiki ilishuka kwenye maduka ya mjini, mepesi kama maboga makavu. Jezi za mitumba zilikuja kwa marobota. Beki mmoja wa Ruhuwiko alicheza misimu miwili akiwa na jina la Mjerumani mgongoni, mpaka mama yake mzazi akawa anamwita hivyo anapomtuma kisimani. Mwaka 1993 Sipriani alishona mipira ishirini na sita. Mwaka 1996 ilikuwa kumi na mmoja.

Mwaka 1997 Bartolomeo alisimika dishi. Bartolomeo alikuwa na duka kubwa kuliko yote Mshangano, na nyuma ya duka alijenga banda la bati lenye mabenchi, televisheni na jenereta. Jumamosi jioni banda lilijaa watu wa kuangalia ligi ya Uingereza. Vijana ambao zamani wangebishana juu ya nani atadaka Jumapili baada ya misa, sasa walibishana juu ya goti la mchezaji wa London, lini litapona.

Ilipofika mwaka 1998, Sipriani alikuwa amebakiwa na mpira mmoja tu wa kushona kwa mwaka mzima: ule wa fainali. Maisha yake hayakutegemea mpira huo. Alilima mahindi na maharage kama majirani zake, na bintiye Suzana, aliyeolewa Namtumbo, hakuwasahau. Lakini mpira huo mmoja ndio uliofanya aendelee kuitwa Fundi, na ndio uliomfanya nahodha abishe hodi.

Mwaka huo Kombe la Mavuno halikuchezwa Julai. Lilikuwa Kombe la Dunia, Ufaransa, na mechi zilianza saa tisa na nusu mchana, nyingine saa kumi na mbili na nusu, nyingine saa nne usiku. Wachezaji wa Mshangano na Ruhuwiko walikuwa bandani kwa Bartolomeo na macho mekundu. Mechi za mtoano ziliitwa mara mbili, na mara zote mbili refa alisimama peke yake uwanjani na filimbi yake. Kamati ikaahirisha hadi Agosti. Agosti wakawa wanasubiri jezi mpya alizoahidi Bartolomeo kutoka Dar es Salaam. Jezi zilipofika, ligi ya Uingereza ilikuwa imeanza. Oktoba watu walikuwa shambani. Mwishowe, kwenye kikao mbele ya duka, walikubaliana mtoano uachwe, na fainali ya Mshangano na Ruhuwiko ichezwe tarehe 26 Desemba, sikukuu ya pili ya Krismasi, ianze saa tisa kamili, iishe kabla ya saa kumi na mbili jioni.

“Kwa nini kabla ya saa kumi na mbili?” Sipriani aliuliza.

“Kuna mechi,” alijibu Bartolomeo, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati.

“Hii si ndiyo mechi?”

“Mechi nyingine, Fundi.”

Ndipo Bartolomeo alipoingia dukani na kutoka na boksi. Ndani yake mlikuwa na mpira mweupe, wenye mabaka meusi na kung’aa, ambao bado ulinuka gundi. Aliuweka mezani katikati ya wajumbe. Kila mmoja alinyoosha mkono akaugusa.

“Usinielewe vibaya,” Bartolomeo alisema. “Mimi mwenyewe nimekua na mpira wako.”

“Umekua nao, lakini hukuwahi kuupiga,” mjumbe mmoja alisema, na kikao kikacheka, kwa sababu Bartolomeo alikuwa amekaa benchi la akiba ujana wake wote.

“Cheka tu. Lakini tazama hapa. Umetoka Pakistani. Uzito umeandikwa ubavuni, gramu mia nne na kumi hadi mia nne na hamsini. Umepimwa huko huko.”

“Wangu utapimwa hapa,” Sipriani alisema. “Kwenye mizani yako.”

Walibishana kwa muda. Mwisho walikubaliana hivi: fainali ianze na mpira wa Sipriani, kwa heshima ya miaka yote. Ule wa Bartolomeo ukae kwenye boksi pembeni. Nahodha yeyote akiuona mpira haufai, anaweza kumwomba refa ubadilishwe. Na mpira utakaomaliza mechi ndio utakaokuwa wa Kombe la Mavuno kuanzia hapo na kuendelea.

Sipriani alirudi nyumbani akamweleza mkewe.

“Basi ushone vizuri,” Walburga alisema.

“Lini nimeshona vibaya?”

“Sijasema hivyo, Baba Suzana.”

Ngozi iliyotengenezwa haikuwepo tena, kwa hiyo alitengeneza mwenyewe, jambo alilokuwa hajalifanya tangu misheni. Alimfuata mchinjaji kabla ya lori kufika, akapata ngozi ya ndama. Aliagiza magome ya miwati kutoka Njombe kwa dereva wa lori la mahindi. Nyuma ya jiko aliweka pipa, akatwanga magome, akaloweka ngozi humo, na kwa wiki tano alikoroga kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Mikono yake ikawa ya kahawia hadi viwikoni. Kanisani, wakati wa kupeana amani, watu walitazama mikono kwanza ndipo wakaishika.

Mpira ulikuwa tayari tarehe 15 Desemba. Aliupeleka dukani. Bartolomeo aliweka mawe ya mizani upande mmoja na mpira upande wa pili, akaongeza jiwe dogo, akaongeza jingine.

“Mia nne na sabini, Fundi.”

Ngozi ya pipa ilikuwa nene kuliko ya kiwandani. Sipriani alirudi nyumbani, akafumua vipande vyote kumi na vinane, akavikwangua kwa kisu upande wa ndani kimoja kimoja, akashona upya. Alifanya hivyo kwa siku sita. Uliposhonwa bila shahamu ulikuwa gramu mia nne na thelathini na tano. Alipoupaka shahamu mara moja, mia nne na arobaini na nane. Kila aliyewahi kupaka ngozi alijua kwamba mpako wa pili ungeuvusha mstari.

Walburga alikuwa akimtazama anavyokunja kitambaa na kukirudisha kwenye kopo.

“Na shahamu je?”

“Imetosha.”

“Hiyo ingetosha Julai. Hii ni Desemba.”

“Mizani haijui Desemba.”

Walburga alirudi jikoni. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka thelathini, na alijua kwamba kitu kilichopita kwenye kipimo kilikuwa kimepita. Ndivyo Bruda alivyomfundisha: ukucha ukipita, kazi imekwisha. Katika miaka yote ya Kombe la Mavuno mpira wake ulichezwa kwenye vumbi na baridi kavu ya Julai. Hakuna fainali hata moja iliyowahi kunyeshewa.

Nahodha aliyefungwa mwaka uliotangulia alikuwa wa Mshangano, na alikuwa Fulgence, mtoto wa dada yake Sipriani. Fulgence alilelewa kwenye nyumba ile ile baada ya mama yake kufariki, akajifunza kupiga danadana kwa mipira iliyokataliwa na ukucha. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na alifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye duka la Bartolomeo. Asubuhi ya tarehe 26 alibisha hodi kama mgeni.

“Shikamoo Mjomba.”

“Marahaba. Karibu, nahodha.”

Alikaa kwenye kigoda. Walburga alileta togwa.

“Mwaka jana ulitufungisha,” alimwambia. “Mwaka huu usije ukalia tena kwenye khanga yangu.”

“Sikulia, mama. Lilikuwa vumbi.”

“Vumbi la jicho moja.”

Fulgence alicheka, akamaliza togwa, akajipangusa mdomo. Sipriani alitoka na kaniki. Mpira ulikuwa wa rangi ya chai iliyokolea. Fulgence aliugeuza, akatafuta mishono kwa kidole na hakuipata. Akaubonyeza.

“Umeiva, Mjomba.”

Nje, juu ya milima ya upande wa magharibi, mawingu yalikuwa yameanza kujipanga. Wote watatu waliyaona.

Uwanja ulijaa. Hata waliokuwa wamesema hawatakuja walikuja, kwa sababu habari ya mipira miwili ilikuwa imeenea hadi sokoni. Boksi la Bartolomeo lilikuwa juu ya meza ya kamati, limefunikwa nailoni. Kwa dakika ishirini mpira wa Sipriani ulikwenda ulivyotaka kwenda. Ulidunda kwa kimo kile kile, ukatua, ukatulia mguuni. Mzee mmoja aliyesimama karibu na Sipriani, ambaye hakuwa ameangalia mechi ya mtaani kwa mwaka mzima, alisema, “Sauti yake nilikuwa nimeisahau.” Alimaanisha sauti ya mguu kwenye ngozi. Sipriani aliitikia kwa kichwa.

Dakika ya ishirini na moja mvua ilianza. Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote pamoja, na udongo mwekundu ukageuka uji.

Mara ya kwanza tofauti haikuonekana. Kisha golikipa wa Ruhuwiko alipiga mpira kutoka golini na haukufika nusu ya njia. Akatazama kiatu chake. Dakika chache baadaye beki wa Mshangano aliupiga kwa kichwa, akakaa chini kwenye tope akashika paji la uso, na alipoinuka alielekea upande usio wake. Watu wakaanza.

“Huo ugali, unataka mboga.”

“Pelekeni ghalani, ni gunia.”

“Piga kaka, tuko nyuma yako, tutasukuma.”

Vicheko vilizunguka uwanja chini ya miavuli na majani ya migomba. Sipriani alisimama mvuani bila mwavuli, koti lake limelowa. Alikuwa haangalii wachezaji wala alama za uwanja. Aliangalia mishono. Kila mpira uliposogea karibu aliutafuta kwa macho, na kila mara aliona kitu kimoja: hakuna uzi uliolegea. Uwezo wote wa mikono yake ulikuwa pale, mzima, ukinywa maji kama ngozi nyingine yoyote.

Dakika ya thelathini na nane Mshangano walipata adhabu mita kumi na nane kutoka golini. Mipigo ya kutoka mahali hapo ndiyo iliyompa Fulgence sifa tangu utotoni. Alirudi nyuma hatua tano, akakimbia, akapiga. Mlio ulikuwa wa kitu kilichoangushwa. Mpira ulitambaa kwenye tope, ukapungua mwendo, ukasimama hatua mbili mbele ya golikipa, ambaye alitembea kwenda kuuokota. Ruhuwiko walishangilia. Wa Mshangano walipiga kelele kumwita Fulgence, wakimwonyesha meza ya kamati.

Fulgence aliinama akashika mguu. Alipoinuka aligeuza kichwa kuelekea upande aliosimama mjomba wake, lakini hakumaliza kugeuka. Akatembea kwa refa. Alizungumza naye kwa muda mfupi akiwa amempa mjomba wake mgongo, na kila aliyekuwepo alijua mgongo huo ulikuwa unasema nini. Refa alipuliza filimbi, akaashiria mezani.

Bartolomeo hakufurahi hadharani. Alitoa mpira mweupe kwenye boksi kwa utaratibu, akaupitisha kwa mwamuzi wa pembeni. Ule wa zamani ulitupwa nje ya mstari, ukabaki pale ulipoanguka.

Mpira mweupe uliteleza juu ya tope kana kwamba tope halikuwepo. Kipindi cha pili Fulgence alifunga mawili, la pili kwa adhabu kutoka karibu na mahali pale pale. Mshangano walishinda. Walimbeba nahodha mabegani, wakaondoka na kombe, na ilikuwa bado saa kumi na moja na robo, kwa hiyo wengi walikimbia kuwahi nafasi za mbele bandani.

Sipriani aliuokota mpira wake. Aliufunga kwenye kaniki, akaubeba kifuani kwa mikono miwili. Walburga, aliyekuwa amemsubiri kwenye lango la uwanja, alitangulia nyumbani kuwasha moto. Yeye alipitia dukani.

“Nipimie,” alimwambia Bartolomeo.

“Fundi, ya nini tena?”

“Nipimie.”

Bartolomeo aliweka mawe. Maji mekundu yalichuruzika kwenye sahani ya mizani hadi kaunta. Aliongeza jiwe, akaongeza jingine, akasoma kwa sauti ya chini.

“Mia sita na themanini.”

Sipriani aliitikia kama mtu aliyepewa jibu sahihi. Alifuta sahani ya mizani kwa kaniki.

“Pita ndani uangalie mechi,” Bartolomeo alisema. “Leo hulipi. Kaa mbele.”

Hakukaa. Alisimama mlangoni, mpira kwapani. Banda lilikuwa limejaa mvuke wa nguo zilizolowa, na Fulgence alikuwa katikati ya benchi la mbele, kombe magotini. Kwenye kioo mechi ilikuwa imeanza. Huko nako kulikuwa kunanyesha. Sipriani aliona mvua ikipita mbele ya taa za uwanja, aliona mchezaji akiteleza na kuinuka, na aliona mpira, mweupe, ukipita juu ya majani yaliyojaa maji na kutua mguuni mwa mwenzake upande wa pili wa uwanja. Aliangalia kwa dakika tatu hivi. Fulgence hakugeuka. Kisha akaenda nyumbani.

Mpira ulipokauka ulikuwa mgumu kama gamba. Alijaribu kuulainisha kwa shahamu, nyingi sasa, hakuna tena wa kupima. Haukurudi. Aliuweka juu ya kabati.

Fulgence hakuja mwaka mpya, ingawa kila mwaka alikuja kula. Hakuja Kwaresima. Walburga alikutana naye njiani mara mbili, na mara zote mbili alimwamkia kwa adabu na kuuliza habari za Mjomba, akasema kazi zimekuwa nyingi. Nyumbani Walburga alipofikisha salamu, Sipriani alisema, “Mwambie alichomwambia refa kilikuwa ukweli. Kosa liko wapi?” Lakini alisema hivyo kwa mkewe tu. Hakumwita.

Jumatatu ya Pasaka mwaka 1999 Fulgence alibisha hodi. Alikuwa na mfuko wa nailoni mkononi. Alikaa kwenye kigoda, akauweka magotini.

“Umechomwa na mwiba wa michongoma,” alisema, akafungua mfuko. Mpira mweupe ulikuwa umenywea, umechubuka mabaka. “Bartolomeo anasema mpya utachukua muda. Nikasema labda Mjomba.”

Sipriani aliupokea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuushika. Aliugeuza karibu na dirisha, akatafuta mahali pa kuanzia, akafungua mshono mmoja kwa ncha ya kisu, kisha wa pili, na mkono wake ukasimama.

Alikuwa ameamini, kama kila mtu Mshangano, kwamba mpira ule ulitoka kwenye mashine. Ulikuwa umeshonwa kwa mkono. Sindano mbili, uzi mmoja wenye nta, tundu lile lile kutoka kulia na kutoka kushoto. Aliendelea kufungua polepole. Fundo la mwisho lilikuwa limekazwa kuelekea upande usio wa kawaida, na kila baada ya matundu manne uzi ulikuwa umevutwa mara mbili, kama anavyofanya mtu asiye na nguvu za kutosha kuukaza kwa mara moja. Upande wa ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeona, paliandikwa kwa kalamu ya bluu namba 27.

“Mama Suzana,” aliita.

Walburga alitoka jikoni akikausha mikono.

“Anatumia mkono wa kushoto.”

“Nani?”

“Aliyeshona huu.”

Walburga aliinama akatazama, ingawa hakujua anatazama nini. “Mwanaume au mwanamke?”

“Sijui. Mkono mdogo.”

Fulgence aliwaangalia wote wawili. “Kuna tatizo, Mjomba?”

“Hakuna. Ngoja.”

Aliziba bladda kwa kiraka cha baiskeli. Kabla ya kufunga mshono alichukua penseli sikioni, akalowesha ncha kwa ulimi, akaishika juu ya namba ile. Kisha akairudisha sikioni. Alishona kwa uzi wake, akifuata matundu ya yule mwingine, akikaza mara moja pale ambapo mwenzake alikaza mara mbili. Alipomaliza alipitisha ukucha. Ukapita. Akaujaza upepo, akampa Fulgence.

Fulgence aliupokea kwa mikono miwili. Vidole gumba vilibonyeza vyenyewe, kwa mazoea.

“Umeiva, Mjomba,” alisema, na mara akaonekana kujutia.

“Mwambie aliyeushona,” Sipriani alijibu.

Fulgence alicheka kidogo, akidhani ni utani, na kwa kuwa mjomba wake hakumfukuza alibaki, akala ugali na maharage, akasimulia habari za timu hadi jua lilipopungua. Mwaka huo fainali ilichezwa tena Desemba. Nahodha wa Ruhuwiko aliuchukua mpira dukani.

Sipriani aliendelea kuziba mipira iliyoletwa. Ndani ya kila alioufungua alitafuta namba. Alikuta 11, alikuta 40, mara moja alikuta alama iliyofanana na ndege. Namba 27 hakuikuta tena. Pipa la magome Walburga alilisugua kwa majivu mara mbili hadi rangi ikatoka, akaliweka chini ya ukingo wa bati kukinga maji ya mvua.